VIKOMBE VITATU NDIYO HAKI: SAFARI YETU KATIKA NCHI YA WANYWA CHAI



Safari tunayowasimulia mwezi huu ilizaliwa na swali moja dogo. Mwenzetu mmoja hufanya kazi pamoja na Waingereza na watu wa mataifa mengine ya Ulaya, na kila mwisho wa mwezi wenzake hukutana jioni kuonja wiski. Hawaendi huko kulewa. Hukaa mezani kwa adabu, hunusa glasi, hupiga funda dogo, kisha huandika katika madaftari yao kwamba hii ina harufu ya moshi na ile ina utamu wa asali, na hapo ndipo mabishano huanza mpaka usiku mwingi. Mwenzetu hualikwa kila mwezi, na kila mwezi hukataa kwa upole. Siku moja mwenyeji wao, mtu muungwana, alimwuliza bila ya kejeli yoyote: "Basi ninyi, kinywaji chenu cha kukalia baraza ni kipi?"

Alijibu, "Chai na kahawa." Lakini aliporudi nyumbani jibu lile lilimkaa rohoni, maana alijua kwamba halina ukweli tena. Lingekuwa kweli lau angelikuwa Unguja, Mombasa au Tanga. Hapa ugenini chai yetu aghalabu ni kijifuko kimoja kilichotoswa katika kikombe kikubwa, tukakinywa wima huku tunatafuta funguo za gari. Baraza hatuna, na chai yenyewe hatuijui imetoka wapi.

Miongoni mwa waonja wiski wale alikuwamo Mjerumani mmoja. Yeye alicheka akasema kwamba ikiwa tunatafuta watu wa baraza la chai, tusiende mbali; twende kwa bibi yake, Ostfriesland. Akaandika anwani katika kikaratasi, na chini yake akaongeza maneno mawili: "Lakini msikoroge." Hatukuyafahamu maneno hayo mpaka tulipofika.

KUELEKEA KASKAZINI

Tulikuwa familia tatu, watu wazima sita na watoto saba, ndani ya magari mawili. Tulichagua likizo ya nusu muhula ya mwezi wa Oktoba. Meli ya usiku ilituchukua kutoka Harwich, na asubuhi tukateremka Hoek van Holland, upande wa Uholanzi. Kutoka hapo ni safari ya kiasi cha kilomita 300: unaivuka Uholanzi hadi Groningen, kisha unaingia Ujerumani bila ya kujua umeingia, kwani mpaka ni bango tu kando ya barabara. Ndani ya gari tulikuwa na chapati, kuku wa kukaanga na chupa mbili za chai ya maziwa yenye iliki, na hakuna aliyelalamika njaa.

Ostfriesland ni pembe ya kaskazini-magharibi ya Ujerumani, inayopakana na Bahari ya Kaskazini. Ardhi yake ni tambarare kama mkeka uliotandikwa. Huoni kilima wala mteremko. Huona mifereji, malisho, ng'ombe wenye mabaka meusi na meupe, nyumba za matofali mekundu, na vinu vya upepo, vya kale na vya kisasa. Sehemu kubwa ya nchi ingekwisha mezwa na bahari lau si kuta za udongo walizozijenga wenyeji kwa karne nyingi. Nje ya kuta hizo maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana, yakaacha uwanda wa tope usio na mwisho, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa dunia. Wanawake wetu waliposimama juu ya ukuta na kuwaona watu wakitembea kwa miguu katika tope lile, wa kwanza kusema alikuwa yule aliyezaliwa Jambiani: "Kama kwetu, wakati wa kwenda kutafuta pweza. Imekosekana jua tu." Naam, jua lilikosekana kweli. Upepo ulitupiga mpaka kanga zikawa kama tanga za jahazi.

Huko watu huamkiana kwa neno moja, "Moin," asubuhi, mchana na usiku. Watoto wetu walilipenda neno hilo kwa sababu halina hesabu ya saa, wala halimtaki mtu kufikiri.

Sasa tuseme habari yenyewe. Katika nchi hii hakuna mashamba ya chai. Pamoja na hayo, inakadiriwa kwamba wenyeji hunywa takriban lita 300 za chai kwa kila mtu kwa mwaka, ilhali wastani wa Ujerumani nzima haufiki lita 30. Ukigawanya kwa siku, ni zaidi ya robo tatu ya lita kila siku, kwa kila mtu. Mwaka 2016 desturi yao ya chai iliandikwa katika orodha ya kitaifa ya Ujerumani ya mila zinazostahili kuhifadhiwa. Mji wa Norden una jumba la makumbusho la chai katika jengo la zamani la baraza la mji, na mji wa Leer nao unalo la kwake.

MEZA YA KUONJEA

Mjini Leer, katika mitaa ya kale yenye vichochoro vya matofali, tuliingia katika duka la chai ambalo mwenyewe alikuwa amekubali kutuonyesha namna chai inavyoonjwa. Mji huu ni mama wa biashara hiyo. Nyumba ya Bünting ilianza hapa mwaka 1806. Thiele ilifuata mjini Emden mwaka 1873, na Onno Behrends mjini Norden mwaka 1886. Kila jamaa huko wana nyumba yao ya chai, waliyoirithi kwa wazee, na hawaibadilishi. Ukitaka kuelewa, fikiria Simba na Yanga. Tuliambiwa kwa mzaha kwamba vijana wanaotaka kuoana kutoka nyumba mbili za chai wana jambo zito la kuzungumza kabla ya harusi.

Juu ya meza ndefu palikuwa na safu ya vikombe vyeupe vyenye vifuniko, na mbele ya kila kimoja kisahani cha majani makavu. Mwenye duka alipima kila aina kwa mizani ndogo. Kipimo cha kimataifa, kilichochapishwa mwaka 1980, ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, na muda ni dakika 6, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Dakika zilipotimia alimimina chai katika bakuli, akayaacha majani yaliyolowa juu ya kifuniko ili nayo yatazamwe. Muonjaji huangalia mambo matatu: majani makavu, maji ya chai na majani yaliyolowa. Kila moja hutoa ushahidi wake, na mara nyingine hushuhudiana uwongo.

Kisha akachukua kijiko, akavuta chai kwa nguvu kinywani, kwa mlio ambao watoto wetu waliusikia kwa mshangao na furaha kubwa. Siku zote tunawakanya wasivute chai kwa kelele. Leo mzee mzima anafanya hivyo, tena ni ufundi! Alitufafanulia kwamba hewa ndiyo inayoipandisha harufu mpaka puani, na pua ndiyo inayoonja. Ulimi kazi yake ni kupima utamu, uchungu na ukakasi. Alipomaliza akatema ndani ya ndoo.

"Na wale wenzako wa wiski, nao hutema?" aliuliza mzee wetu.

"Sheria yao ni kutema," alijibu mwenzetu, "lakini kila usiku ukiendelea, husahau."

Chai ya Ostfriesland ni mchanganyiko. Nguzo yake ni majani ya Assam, kaskazini-mashariki ya Bara Hindi, hasa yale yanayochumwa katika mavuno ya pili, mwanzo wa kiangazi, ambayo hutoa chai nzito yenye rangi ya hudhurungi. Juu ya Assam huongezwa majani ya nchi nyingine kwa siri ya kila nyumba. Hali ya hewa haifanani mwaka kwa mwaka, kwa hiyo majani nayo hayafanani. Lakini mnywaji anataka ladha ileile aliyoinywa kwa nyanya yake. Kazi ya mchanganyaji ni kubadilisha mizani kila msimu ili kikombe kisibadilike. Na chai haina haki ya kuitwa ya asili ya Ostfriesland isipokuwa imechanganywa huko huko.

Tulikaribishwa kuonja. Wengi wetu tulivuta, tukapaliwa, tukacheka. Zamu ilipomfikia mzee wetu, mtu wa Mombasa aliyetimiza miaka sabini na kitu, alipita kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne bila ya kusema lolote. Kikombe cha tano alikinusa kabla ya kuonja, akakiweka chini, akasema kwa sauti ndogo: "Hii ni ya kwetu."

Mwenye duka alikigeuza kibao. Ilikuwa chai ya Kenya, ya nyanda za juu. Majani yaliyokatwa, yakachanwa na kuviringishwa kwa mashine mpaka yakawa chembe ndogo, yenye maji ya rangi ya shaba inayong'aa na ukali wa kuamsha ulimi. Alimtazama mzee kwa heshima, akamwuliza kama ni muonjaji.

"Hapana," alijibu mzee. "Ujanani mwangu nilibeba masanduku ya chai katika maghala ya Mombasa. Harufu ile haitoki puani. Waonjaji walikuwapo, juu, ghorofani. Sisi tulikuwa chini. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunipa kijiko."

Tulinyamaza. Huenda baadhi ya wasomaji hawajui kwamba mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na kwamba mnada wa London, uliodumu kwa zaidi ya miaka 300, ulifungwa tarehe 29 Juni 1998. Mombasa bado inauza. Huko huteremka chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine jirani, na Kenya peke yake ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chai nyeusi duniani. Tanzania nayo ina ukumbusho wa Wajerumani katika jambo hili, kwani chai ilipandwa kwa majaribio Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo tulikwenda ugenini kuonja chai ya wageni, kumbe tumeikuta iliyobebwa mabegani mwetu. Mwenye duka alimpa mzee kijiko kile akakichukue nacho. Sasa kimo katika kabati la vyombo vyake, na haruhusiwi mtu kukitumia kwa uji.

NYUMBANI KWA BIBI

Saa tisa ya mchana, kama tulivyoagizwa, tulibisha hodi katika nyumba ya bibi yule, kijijini karibu na bahari. Wakati wa chai kwao haufanyiwi mchezo: saa tano asubuhi, saa tisa mchana, na jioni tena. Meza ilikuwa imeandaliwa vikombe vya kauri nyembamba, vilivyochorwa waridi jekundu, vidogo mithili ya vikombe vyetu vya kahawa vilivyoongezwa kimo kidogo. Buli lilikaa juu ya kitako chenye mshumaa unaowaka ndani, ili chai isipoe.

Kwanza aliweka katika kila kikombe bonge la sukari mawe, ambalo wenyewe huliita Kluntje. Akamimina chai ya moto juu yake, na sukari ikalia, ikapasuka kwa sauti nyembamba. Watoto wote saba waliinamisha masikio. Kisha akachukua kijiko kilichopinda, akachota malai, akayalaza taratibu ukingoni mwa kikombe, akizungusha mkono kinyume cha saa. Husemwa kwamba anayezungusha hivyo anausimamisha wakati, maana mezani pa chai hapana haraka. Malai yalizama, kisha yakapanda tena katikati kama wingu la masika. Na ndilo jina lake, wingu.

Hapo mtoto wetu mmoja, kwa nia njema, alichukua kijiko akakoroga.

Bibi alishika kifua. Hakukasirika, bali alisikitika kama mtu aliyeona chombo kimevunjika. Ndipo tulipokumbuka yale maneno mawili ya mjukuu wake. Chai hiyo hainywewi kwa kukoroga. Funda la kwanza ni malai, laini na baridi kidogo. La pili ni chai yenyewe, kali na yenye ukakasi. La mwisho ni utamu ulioketi chini. Anayekoroga amezichanganya ladha tatu zikawa moja, na haki ya kila moja imepotea. Mzee wetu aliposikia tafsiri hiyo alisema kwamba hayo si mafunzo ya chai, ni mafunzo ya umri.

Kijiko kina kazi nyingine. Sheria ya nchi ni vikombe vitatu. Wenyewe husema kwamba vitatu ndiyo haki ya Mfrisia, na mgeni anayekunywa pungufu ya hivyo anamkosea mwenyeji. Ukishatosheka unakiweka kijiko ndani ya kikombe, na hiyo ndiyo ishara ya kushukuru. Usipokiweka, utamiminiwa tena. Ndugu yetu mmoja, asiyelijua hilo na asiyetaka kumvunjia heshima bibi, alikunywa vikombe saba huku akimwomba Mola ampunguzie mtihani, mpaka mkewe alipomnong'oneza.

Kisha ikaletwa keki nzuri ya malai, ndefu kwa kimo, yenye zabibu kavu. Mikono ya watoto ilikwisha nyooshwa. Mama mmoja, kwa tahadhari tuliyozoea sote, aliuliza kwa heshima zabibu zile zimeandaliwaje. Bibi alijibu kwa fahari kwamba zimelowekwa katika brandi, siku nyingi, kama alivyofundishwa na mama yake.

Wapenzi wasomaji, mnaujua ukimya wa namna ile. Kila mmoja wetu amewahi kuketi katika ukimya huo, kwenye meza ya jirani, mwalimu au mkuu wa kazi, akitafuta maneno ya kukataa mkono uliojaa ukarimu. Tulieleza kwa ufupi. Bibi alisikiliza, akainuka, akaichukua keki yote akairudisha jikoni, hata kipande chake mwenyewe. Alirudi na mkate mtamu wa zabibu zisizolowekwa katika chochote, akaupaka siagi nene kwa mkono wake. "Chai tunayo sote," alisema. "Keki itanisubiri mpaka kesho." Baadaye alitufungulia sebule yake, akasogeza viti, tukasali Alasiri hapo, huku yeye amekaa jikoni na mlango umerudishwa.

KISA CHA CHAI ILIYOPIGWA MARUFUKU

Jirani wa bibi, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetupa historia. Chai iliwafikia katika karne ya 17 kwa merikebu za Waholanzi, majirani zao. Maji ya nchi yao, yanayopita katika udongo mweusi wa mabwawa, hayakuwa mazuri ya kunywa. Yakichemshwa na kutiwa majani yakawa na manufaa na ladha. Maskini aliyekuwa akichimba udongo ule, akiukausha uwe kuni, aliweza kushinda kutwa kwa chai na mkate.

Mwaka 1744 nchi yao ilichukuliwa na ufalme wa Prussia. Mfalme Friedrich wa Pili hakupendezwa na fedha zinazotoka nje kununulia majani, na mwaka 1778 serikali yake ikaanza kampeni ya kuipiga vita chai. Wafrisia hawakupigana. Waliendelea kunywa milango ikiwa imefungwa, na walanguzi wakaingiza chai kwa mashua usiku. Baada ya kiasi cha miaka miwili serikali ilichoka. Alipokuja Napoleon na kuzuia bidhaa za Waingereza zisiingie Ulaya, chai ilipitia njia za magendo kutoka kisiwa cha Helgoland, kilichokuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1807. Na katika Vita Vikuu vya Pili, chakula kilipogawiwa kwa kadi, watawala wenyewe waliwahesabu kuwa ni wilaya ya wanywa chai, wakawapa fungu zaidi ya Wajerumani wengine.

Mwalimu alipotaja Helgoland, alitabasamu akauliza: "Je, si ninyi tuliowabadilisha kwa kisiwa hicho?" Hapo mwenzetu wa Unguja alijinyoosha kitini. Wajerumani wengi husema hivyo, kwamba waliipa Uingereza Zanzibar wakapewa Helgoland. Mapatano yalikuwapo kweli, tarehe 1 Julai 1890. Lakini Zanzibar haikuwa mali ya Wajerumani hata waitoe. Walichokitoa ni madai yao ya Witu, karibu na Lamu, na kukubali kwamba Uingereza iiweke Zanzibar chini ya ulinzi wake. Wenye Zanzibar hawakuulizwa, na watu wa Helgoland nao hawakuulizwa. Mwalimu aliwaza kidogo, akasema: "Basi katika hilo sisi na ninyi ni ndugu." Akamimina kikombe kingine.

YALIYOBAKI KIKOMBENI

Lakini jambo lililotuzuia usingizi usiku ule halikuwa hilo. Wakati watu wazima tunazungumza, wajukuu wa bibi, wanaoishi jirani, waliingia kunywa chai. Hawakuambiwa; saa ilifika, wakaja. Waliweka sukari, wakalaza malai, hawakukoroga. Bibi alikuwa akisema nao kwa lugha ya nyumbani, lahaja ya Kijerumani cha kaskazini ambayo ndiyo ya nchi ile. Wao walikuwa wakimjibu kwa Kijerumani cha shuleni.

Tuliuliza. Mwalimu alisema kwamba zamani zaidi watu wa pwani ile walikuwa na Kifrisia chao hasa, na kimekwisha, isipokuwa katika vijiji vya Saterland, kusini kidogo mwa Leer, ambako wamebaki kiasi cha wasemaji 2,000. Baada ya Kifrisia ikaja lahaja hii ya sasa, nayo inapungua. "Chai mfalme aliikataza, kwa hiyo tuliishika," alisema bibi. "Lugha hakuna aliyetukataza siku ile tulipoanza kuiacha. Tulidhani watoto watapata taabu shuleni."

Hakuna aliyemjibu. Kwa sababu wakati ule ule, upande wa pili wa meza, mama mmoja wetu alimwambia mwanawe, "Mpishe mwenzio," na mtoto akajibu kwa Kiingereza, vizuri kabisa, bila ya kuinua macho.

Tumerudi sasa, na tumezungumza sana juu ya hilo. Sisi pia tulidhani. Tulidhani kwamba biriani, kanga na maulidi vitatosha kuwabakisha watoto kwetu, na kwamba lugha itakuja yenyewe nyuma yake kama mkia. Tumeona kwa macho yetu watu walioihifadhi desturi yao dhidi ya mfalme, vita na njaa, mpaka ikaandikwa katika orodha za taifa, na bado maneno yakawaponyoka mezani pale pale penye buli. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Ni kioo tulichoonyeshwa.

Hata hivyo tulijifunza pia kwa nini chai yao imebaki. Haikubaki kwa sikukuu wala kwa hotuba. Imebaki kwa kuwa ina saa yake, kila siku, na mtoto ana kikombe chake kama mtu mzima, chai yake ikiwa imezimuliwa. Basi familia zetu tatu tumeanza jambo dogo. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana nyumba moja kwa zamu. Chai ni ya majani, ya Kenya au ya Tanzania; siku nyingine ya rangi yenye mdalasini na tangawizi, siku nyingine ya maziwa. Simu huwekwa ndani ya kapu mlangoni. Na mezani pana sheria mbili: vikombe vitatu, na Kiswahili kitupu mpaka kijiko kiwekwe kikombeni. Anayetaka kurudi kwenye Kiingereza chake, na aweke kijiko.

Juma la kwanza watoto waliweka vijiko baada ya kikombe kimoja. Juma la tano mmoja wao, yule aliyekoroga, alifikia kikombe cha tatu, akamwuliza mzee ghala la Mombasa lilikuwa na ukubwa gani, na masanduku yalikuwa na uzito gani. Aliuliza kwa Kiswahili, kikiwa kimekatikakatika, ngeli zote zimepishana. Mzee hakumsahihisha hata neno moja. Alimjibu kwa saa nzima.

KWA ATAKAYEPENDA KUSAFIRI

Chukueni nguo za upepo, hata wakati wa kiangazi. Keki ya kienyeji mara nyingi huwa na zabibu za brandi, na wako wanaotia ramu katika chai wakati wa baridi. Ulizeni mapema, na mtaona kwamba hakuna anayechukia kuulizwa. Samaki ni wengi, na kamba wadogo wa bahari ile ni watamu. Atakaye kuvuka kwenda visiwani atazame kwanza ratiba, kwani baadhi ya meli husafiri kwa kufuata maji kujaa.

Na mwenzetu yule, mwisho wa mwezi uliofuata, hakungoja kualikwa. Aliwaalika yeye wale waonja wiski nyumbani kwake, wakaja watano na madaftari yao. Waliinusa chai ya Kericho na ya Mufindi, wakabishana juu ya ukakasi mpaka saa nne ya usiku, na hakuna aliyeuliza kinywaji kingine.

Wala hawakukoroga.